Namba Kabla ya Rangi

Anayetaka kuagiza gari la kale kutoka Marekani kwa kawaida huanza na picha. Huiona rangi ya chungwa inayong'aa, mistari miwili myeusi juu ya boneti, matairi mapana ya nyuma, na bei iliyo chini kidogo ya ile aliyoitarajia. Kisha huulizia nguvu ya injini, halafu nauli ya meli. Namba na hati huziacha mwisho, akidhani hizo ni shughuli za wakala wa forodha. Sura hii inatetea utaratibu ulio kinyume na huo. Kitu kinachonunuliwa katika biashara hii ni uasili wa gari, yaani uhakika kwamba gari lililopo ndilo lile lililotoka kiwandani, likiwa na mitambo ile ile au mitambo ya aina ile ile. Forodha hutoza kodi kwa kuutazama uasili huo, bima hulifidia gari kwa kuutazama huo huo, na mnunuzi wa kesho atalipa au atakataa kulipa kwa sababu yake. Rangi inaweza kupigwa upya katika gereji yoyote duniani. Historia ya gari ikishapotea hairudishwi na fundi.

Magari ninayoyazungumzia ni yale ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli: gari la ukubwa wa kati, milango miwili, la bei ya mfanyakazi wa kawaida, lililowekewa injini kubwa kupindukia. Jinsi yalivyozaliwa ndiyo chanzo cha tatizo lote. Kampuni ya General Motors ilikuwa na sheria ya ndani iliyokataza magari yake ya ukubwa wa kati kuwa na injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani kama lita 5.4. Wahandisi wa tawi lake la Pontiac, akiwamo John DeLorean pamoja na Bill Collins na Russ Gee, walitaka kuweka injini ya inchi 389, lita 6.4, katika gari lao la Tempest LeMans. Wangeiita modeli mpya, ingelazimu kuomba idhini ya wakubwa. Wakaiingiza kama kifurushi cha hiari ambacho mteja angeweza kukiongeza kwenye oda yake, wakakiita GTO. Hiyo ilikuwa kwa mwaka wa modeli 1964, na magari 32,450 yakauzwa mwaka huo wa kwanza. Washindani hawakulala. Chrysler wakaleta injini ya Hemi ya inchi 426 katika magari ya barabarani, iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 425. Chevrolet ikafika kileleni mwaka 1970 kwa Chevelle SS ya inchi 454, nguvu za farasi 450. Mwaka uliofuata General Motors ilishusha mgandamizo wa injini zake ili zitumie petroli isiyo na madini ya risasi, kampuni za bima zilikuwa tayari zinawatoza vijana ada nzito, na marufuku ya mafuta ya Oktoba 1973 ikamalizia kazi. Zama nzima haikufika miaka kumi.

Tazama sasa maana ya historia hiyo kwa mnunuzi. Gari la misuli lilikuwa gari la kawaida la familia lililoongezewa orodha ya vitu. Bodi ni ile ile, milango ni ile ile, dashibodi inakaribia kuwa ile ile. Tofauti kati ya LeMans ya karani na GTO ya kijana mwenye haraka ilikuwa katika karatasi ya oda, na vitu vyote vilivyoandikwa katika karatasi hiyo vinaweza kununuliwa leo dukani kama spea na kufungwa kwenye gari la karani. Viwanda vidogo vya Marekani vinatengeneza upya nembo, boneti, taa, viti, hata vibao vya namba. Kwa hiyo jicho peke yake, hata la fundi mzuri, haliwezi kukuambia unatazama nini.

Namba ya chesisi husaidia, ila kwa kiasi kinachotegemea nani alilitengeneza gari. Mfumo wa tarakimu na herufi 17 tunaoujua leo ulianza na magari ya modeli ya 1981. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake. Katika magari ya Chrysler ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, herufi ya tano hutaja injini, na R ni Hemi ya 426. Gari la Plymouth ambalo namba yake inaanza na BS23R0B lilitoka kiwanda cha Hamtramck, Michigan, kama Barracuda ya aina ya 'Cuda ya 1970 yenye Hemi, na hakuna mabishano. Ford nao waliweka injini katika nafasi ya tano: K kwenye Mustang za mwanzo ni injini ya 289 yenye nguvu ya ziada. Lakini GTO ya 1964 au 1965 ina namba ya LeMans, kwa sababu kisheria ilikuwa LeMans. Ni kuanzia 1966, ilipokuwa modeli kamili, ndipo namba yake ilianza na 242. Chevelle ya 1970 ni mtihani zaidi. Namba yake itakuambia kwamba gari lilikuwa na injini ya silinda nane, na itanyamaza kabisa kuhusu kama lilikuwa SS. Anayesema ameangalia namba ya chesisi ya Chevelle na kuridhika kwamba ni SS, hajaangalia chochote.

Ndiyo maana ushahidi wa pili lazima utoke kwenye kumbukumbu. Kwa Pontiac kuna Pontiac Historic Services, wenye nakala za ankara za kiwandani za miaka ya modeli 1961 hadi 1986. Kwa Ford, Kevin Marti ana leseni ya kutumia kumbukumbu za uzalishaji kuanzia modeli za 1967, na ripoti yake hutaja injini, giaboksi, rangi na hata duka lililoliuza gari. Kwa Chrysler kuna kibao cha bati kilichofungwa chini ya boneti, na ile karatasi ya kiwandani ambayo wafanyakazi waliiacha ndani ya springi za viti au juu ya tangi la mafuta, na ambayo mafundi huipata wakilifumua gari miaka hamsini baadaye. Kwa Chevrolet zilizouzwa Marekani hakuna kumbukumbu za namna hiyo, hivyo mnunuzi hurudi kwenye chuma chenyewe. Bloku ya injini ina tarehe yake ya kusubiwa, ambapo herufi A ni Januari na kadhalika, nayo lazima iwe kabla ya tarehe gari lilipounganishwa. Mbele ya bloku, upande wa abiria, kuna sehemu bapa iliyogongwa msimbo wa injini pamoja na sehemu ya namba ya chesisi. Wapo wanaoisaga sehemu hiyo na kugonga namba mpya. Mkaguzi anayejua kazi yake hutafuta mikwaruzo myembamba iliyoachwa na mashine ya kiwandani, kwa kuwa bloku iliyosagwa upya haina mikwaruzo hiyo.

Je, soko linajali kiasi hicho? Linajali sana. Plymouth Hemi 'Cuda ya 1970 isiyo na paa gumu ilitengenezwa mara 14 tu, na ile ya 1971 mara 11. Moja ya hizo 11 ilinadiwa Seattle Juni 2014 na kufikia dola milioni 3.5. Mtu mwenye Barracuda ya kawaida ya mwaka huo huo anaweza kuifunga Hemi halisi, akaipaka rangi ile ile na kuiendesha kwa kasi ile ile, na asipate hata sehemu ndogo ya fedha hiyo. Kilicholipiwa Seattle ni jambo ambalo haliwezi kuzalishwa tena, yaani kwamba gari lile lilitoka kiwandani likiwa hivyo. Wengi wetu hatutanunua gari la mamilioni. Lakini kanuni hiyo hiyo hufanya kazi hadi chini kabisa ya soko, kwenye Mustang ya kawaida, na inapofika forodhani hugeuka kuwa hesabu ya kodi.

Hapa ndipo hoja inapopata nguvu zaidi, na nitaikalia kidogo. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao forodha za karibu nchi zote huutumia, una fungu linaloitwa 9705 kwa vitu vya makusanyo vyenye thamani ya kihistoria. Gari la abiria la kawaida limo katika fungu lingine, 8703. Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi ya Clees iliyoamuliwa Desemba 3, 1998, ilieleza ni lini gari hudhaniwa kuwa la kihistoria: liwe katika hali yake ya asili bila mabadiliko makubwa ya chesisi, usukani, breki, injini na kadhalika, liwe na umri wa angalau miaka 30, na liwe la modeli isiyotengenezwa tena. Uingereza imeendelea na vigezo vya aina hiyo hata baada ya kutoka Umoja wa Ulaya. Ukarabati haukatazwi. Kitu kilichochakaa kinaweza kubadilishwa, mradi gari libaki katika sura sahihi ya kihistoria. Gari lililofanywa la kisasa ndilo hutolewa nje ya fungu hilo.

Chukua mfano wa Mustang iliyonunuliwa kwa thamani ya pauni 30,000, nauli na bima pauni 2,000, ikashushwa Southampton. Ikikubaliwa katika 9705, ushuru wa forodha ni sifuri na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 5 ya pauni 32,000, yaani pauni 1,600. Ikiainishwa kama gari la kawaida, ushuru kwa kiwango cha asilimia 10 ni pauni 3,200, kisha kodi ya asilimia 20 hutozwa juu ya pauni 35,200, nayo ni pauni 7,040. Jumla ni pauni 10,240. Tofauti ya pauni 8,640 inatosha kuitengeneza injini nzima na kubaki na chenji. Ujerumani nayo hutoza vitu vya fungu hilo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 7 badala ya 19. Kwa kweli, hakuna fundi wala wakala anayeweza kumwokolea mnunuzi fedha kiasi hicho kwa werevu wake. Huokolewa na hali ya gari lenyewe na ushahidi uliowekwa mezani.

Sasa soma matangazo ya wauzaji wa Marekani kwa jicho hilo. Wengi wao hujivunia giaboksi mpya ya gia tano au sita mahali pa ile ya gia nne, mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta mahali pa kabureta, breki za diski kwenye magurudumu yote, usukani wa kisasa, saspensheni mpya kabisa. Nchini Marekani vitu hivyo huongeza bei, na kwa mtu anayeishi Texas na kuliendesha gari lake kila wiki ni maboresho ya kweli. Lakini vitu hivyo ni vya aina ile ile ya mabadiliko makubwa yanayokataliwa na vigezo nilivyovieleza hapo juu. Mnunuzi wa ng'ambo hulipa zaidi kwa ajili ya mabadiliko hayo, halafu hulipa tena forodhani kwa sababu ya mabadiliko hayo hayo. Na mambo hayaishii bandarini. Uingereza, tangu Mei 2018, inayasamehe ukaguzi wa kila mwaka magari yaliyotimiza miaka 40, ila kwa sharti kwamba yasiwe na mabadiliko makubwa yaliyofanywa ndani ya miaka 30 iliyopita. Ujerumani ina namba za usajili zenye herufi H kwa magari ya miaka 30 na zaidi, zilizoanzishwa 1997, ambazo hulipiwa kodi ya mkupuo ya euro 191.73 kwa mwaka bila kujali ukubwa wa injini. Kwa gari la lita saba huo ni unafuu mkubwa mno. Lakini mtaalamu lazima athibitishe kwanza kwamba gari limehifadhiwa vizuri na kwamba mabadiliko yoyote yaliyomo ni ya zama zake.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa kwa heshima. Mtu atasema: mimi si mwekezaji wala mtunza makumbusho. Nataka kuendesha gari, kusikia mngurumo wake, kumpeleka mke wangu ufukweni Jumapili. Namba zinazolingana zina kazi gani kwangu? Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Breki za drami za mwaka 1968 kwenye gari la zaidi ya tani moja na nusu hazitoshi kwa barabara za leo, na simlaumu mtu anayezibadilisha ili familia yake iwe salama. Ninachosema ni kwamba mabadiliko hayo afadhali yafanywe na mnunuzi mwenyewe, baada ya kujua sheria ya nchi yake, tena kwa vitu vinavyoweza kufunguliwa na kurudishwa. Breki za diski za mbele, kwa mfano, ziliuzwa kiwandani kama kitu cha hiari kwa Mustang, Camaro na nyingine nyingi, hivyo anaweza kufunga aina ile ile ya zama zile na kubaki ndani ya historia. Anayenunua gari ambalo tayari limebadilishwa na mtu asiyemjua hupokea kazi ya kuchomelea asiyoiona, nyaya asizozielewa na hesabu ya kodi asiyoitarajia. Dereva wa Jumapili anahitaji uhakika kuliko hata mwekezaji, kwa sababu ndiye atakayekaa ndani ya gari likienda kasi.

Pingamizi la pili ni la nakala. Kwa nini nisinunue LeMans iliyogeuzwa kuwa GTO, kwa nusu ya bei, wakati barabarani hakuna atakayejua? Sina ugomvi na nakala iliyouzwa kama nakala. Ni gari halali, na kwa wengi ndiyo njia pekee ya kuyafikia magari haya. Tatizo ni kwamba kadiri gari linavyopita mikononi mwa watu, neno nakala hupungua sauti. Muuzaji wa kwanza hulisema, wa pili hulinong'ona, wa tatu hulisahau, na wa nne huuza GTO. Mnunuzi aliye maili elfu tano mbali, anayetazama picha kwenye simu, ndiye wa nne huyo. Akitaka nakala, ainunue kwa bei ya nakala na aandikiwe hivyo katika hati ya mauzo. Forodha nayo hutaka maelezo ya kweli, na kulitangaza gari kuwa kitu kisichokuwa ni kosa la aliyesaini, hata kama naye alidanganywa.

Kuhusu hati ya umiliki sitasema mengi, kwa kuwa kanuni ni fupi. Forodha ya Marekani hutaka hati ya umiliki na gari lenyewe viwasilishwe bandarini saa 72 kabla ya kusafirishwa. Majimbo hutofautiana katika jinsi yanavyotoa hati kwa magari ya zamani, na gari ambalo kampuni ya bima iliwahi kulifuta baada ya ajali linaweza kuwa na alama hiyo kwenye hati yake, au likawa limehamishiwa jimbo jingine ambako alama imepotea. Umri wa gari haufuti wizi. Corvette ya 1968 iliyoibwa New York Januari 1969 ilinaswa California mwishoni mwa 2005, ikiwa inatayarishwa kupelekwa Sweden, baada ya namba yake kulinganishwa na kumbukumbu za magari yaliyoibwa. Ilirudishwa kwa mwenyewe baada ya karibu miaka 37. Aliyekuwa akiisafirisha alibaki bila gari. Wasweden, nitaje kwa kupita, ni miongoni mwa wapenzi wakubwa wa magari ya Kimarekani duniani. Mji wa Västerås ulikuwa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa magari hayo kwa miongo mingi. Kwa hiyo kisa hicho hakikumtokea mgeni wa biashara hii, kilitokea kwenye njia iliyozoeleka.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa mafundi. Wao husema: namba haiwezi kushikilia gari lisikatike. Unaweza kuwa na kila hati, kila ankara, kila msimbo, na chini ya zulia hakuna sakafu. Wana haki, na anayesoma sura hii akaagiza gari kwa karatasi peke yake atakuwa amenisoma vibaya. Majimbo ya kaskazini kama Michigan, Ohio na New York humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na msomaji wa Mombasa au Tanga hahitaji kuelezwa chumvi inafanya nini kwenye bati. Mustang ya miaka ile haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo kutu katika mihimili ya chini ni kutu katika uti wa mgongo wake. Sehemu yake inayojulikana kwa ubaya ni ule mfereji wa kuingizia hewa chini ya kioo cha mbele. Majani na maji hukaa humo, bati huoza kimyakimya, na mvua huanza kudondokea miguuni mwa abiria. Kuitengeneza ni kufumua pua nzima ya gari. Chevelle na GTO zina chesisi kamili, jambo linalosaidia, ila buti, mabavu ya nyuma na kingo za madirisha huoza vile vile, hasa kwenye magari yaliyovikwa paa la ngozi bandia, ambalo hushika maji kati yake na bati. Puti na rangi nzuri huficha yote hayo kwa miaka miwili hivi. Magari ya Arizona, Nevada na New Mexico huwa na bati zima, ila jua huwa limepasua dashibodi, viti na mipira yote. Afadhali jua. Viti hushonwa upya kwa fedha inayojulikana, lakini kazi ya bati haina mwisho unaoweza kukadiriwa ukiwa ng'ambo.

Lakini tazama kwamba pingamizi hilo, ukilifuata hadi mwisho, linaimarisha hoja yangu. Bati linaweza kukaguliwa. Mkaguzi wa kujitegemea, asiyelipwa na muuzaji, huliinua gari, hupitisha kipimo cha unene wa rangi, hubofya kwa kidole mahali penye shaka na kutuma picha za chini. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na nauli. Mkaguzi huyo huyo, siku hiyo hiyo, ndiye anayepiga picha ya kibao cha namba, ya sehemu bapa ya injini, ya tarehe ya kusubiwa na ya hati ya umiliki. Uchunguzi wa namba na wa kutu ni kazi moja. Anayeruka mmoja kwa kawaida huwa ameruka wote wawili, kwa kuwa alishaamua kununua alipoiona picha ya kwanza. Tena kuna jambo ambalo mafundi wanalijua kuliko sisi: gari ambalo namba zake zimechezewa mara nyingi lina bodi iliyochezewa pia. Njia mojawapo ya udanganyifu ni kukitoa kibao cha namba kwenye gari la thamani lililooza kabisa na kukipachika kwenye bodi nzima ya gari la kawaida. Sheria ya shirikisho ya Marekani inalihesabu tendo hilo kuwa jinai, na gari la namna hiyo linaweza kutaifishwa hata likiwa mikononi mwa mnunuzi asiye na hatia.

Safari ya baharini ni sehemu ambayo watu huiogopa zaidi kuliko inavyostahili. Gari huendeshwa hadi ndani ya meli ya magari au hufungwa ndani ya kontena. Kontena ni salama zaidi kwa gari lisilowaka vizuri na kwa vitu vidogo vinavyoweza kunyofolewa. La muhimu ni bima. Bima ya kupotea kwa gari zima haitakulipa kioo kilichovunjika. Na ipo kanuni ya kale ya baharini ya kugawana hasara, ambayo wenye shehena wote huchangia gharama za kuiokoa meli, hata kama shehena yako haikuguswa. Meli ya Felicity Ace iliwaka moto Februari 2022 na kuzama karibu na visiwa vya Azores ikiwa na magari yapatayo 4,000. Ajali kama hizo ni nadra, lakini asiye na bima hulipa peke yake. Anayeagiza kwenda Australia aongeze jambo jingine: nchi hiyo imepiga marufuku kabisa asbesto tangu Desemba 31, 2003, na pedi za breki, klachi na gasketi za magari ya miaka ya 1960 zilikuwa na asbesto. Huko kibali cha kuingiza gari hutafutwa kabla ya kulipakia, na gari linaloshukiwa hushikiliwa na kupimwa kwa gharama ya mwenyewe.

Msomaji aliye Afrika Mashariki atauliza haya yote yanamhusu vipi. Kwa anayeishi London au Hamburg yanamhusu moja kwa moja. Kwa aliye Nairobi, kanuni ya jumla ya Kenya inakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na lenye usukani wa kushoto halikubaliwi isipokuwa kwa kazi maalumu. Tanzania haijaweka ukomo wa namna hiyo, ila hutoza ushuru wa ziada kwa sababu ya uzee wa gari. Sababu za kanuni hizo ni nzuri. Nchi zetu zilikuwa zinageuzwa mahali pa kutupia magari yaliyochoka, yenye moshi mzito na breki mbovu, na serikali ilikuwa na wajibu wa kuzuia. Lakini gari la miaka 55 linaloletwa na mtunzaji, likaendeshwa mara chache kwa mwaka, si gari ambalo kanuni hizo zilikusudia kulizuia. Nairobi imekuwa na maonyesho ya magari ya kifahari na ya kale, Concours d'Elegance, tangu 1970, na mbio za Safari za magari ya zamani zimefanyika Afrika Mashariki tangu 2003. Wapo mafundi na wapo watunzaji. Vigezo vya umri wa miaka 30, hali ya asili na modeli isiyotengenezwa tena vimetumika Ulaya kwa miongo kadhaa bila kufungua mlango kwa vyuma chakavu, kwa sababu ni vigumu kwa gari chakavu la kawaida kuvitimiza vyote. Ningependa mamlaka zetu za mapato na za viwango zivisome vigezo hivyo na kuvipima kwa mazingira yetu.

Kwa anayejiandaa kununua sasa, nina ombi moja. Kabla ya kutuma hata senti ya amana, mwombe muuzaji picha nne: kibao cha namba ya chesisi, namba iliyogongwa kwenye injini, hati ya umiliki mbele na nyuma, na gari lote kwa chini. Zipeleke kwa mwenye kumbukumbu za kampuni husika, kama yupo, kisha kwa mkaguzi, kisha kwa mamlaka ya forodha ya nchi yako, ambayo katika Uingereza na Umoja wa Ulaya hutoa uamuzi wa awali kwa maandishi kuhusu fungu ambalo gari litaingia. Muuzaji mkweli hutuma picha hizo siku hiyo hiyo. Akitoa sababu badala ya picha, liache gari hilo, hata kama rangi yake ndiyo ile uliyoitamani tangu utotoni.